Kuanza upishi bila uzoefu

Ndugu, umeuliza utapataje uzoefu wakati kila jiko unalobisha hodi linadai uzoefu kwanza. Omba kuosha vyombo au kumenya na kukatakata, na uende mwenyewe baada ya chakula cha mchana, kabla ya pilikapilika za jioni. Mpishi mkuu aliyezidiwa na oda hatakusikiliza.

Ukishaingia, shughulika na kisu. Kata vitunguu vipande vya ukubwa mmoja, maana visipolingana vingine vitaungua na vingine vitabaki vibichi. Kasi itakuja yenyewe. Jifunze kunoa mapema: kisu butu ndicho hukata vidole, kwa sababu unakikandamiza kikateleza. Nyama mbichi iwe na ubao wake, kuku aive hadi joto la ndani lifike nyuzi 74 za Selsiasi, na chakula kisikae muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, ambako bakteria huzaliana haraka. Hapo hakuna mzaha kabisa, unalisha watu.

Chuo ni kizuri, ila mimi ningekushauri uanze jikoni miezi michache, ujue kama kusimama kutwa kwenye joto unakuweza. Ukiambiwa ujitolee bila malipo, kubaliana nao kwanza tarehe ya mwisho.