Kaunta Inayolingana na Macho Yangu

Ukitumia kiti mwendo hapa Moshi, wahudumu wengi unawajua kwa nywele tu. Sura zao unaziona siku wakitoka nje kununua maandazi.

Watu hudhani kero yetu ni kufikisha mkono juu ya kaunta. Mkono utafika tu; kinachouma ni siri. Kwa wakala wa pesa lazima nitaje kiasi kwa sauti, kisha mtu wa nyuma yangu anipokelee noti na kuzihesabu. Duka la dawa ndiyo usiseme: jina la dawa linapazwa hadi bodaboda wa nje wanajua ninachoumwa.

Usiniambie wateja kama sisi ni wachache. Mji huu una hospitali kubwa ya KCMC, na una chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo.

Basi mwenye duka, ukimwita seremala, usivunje kaunta nzima. Ashushe kipande kimoja. Viwango vya Marekani vinataka kisizidi sentimita 91 kutoka sakafuni. Mimi ningeomba 80. Chini yake pawe wazi, kama sentimita 70 kwenda juu, magoti yaingie. La sivyo nakaa upande kama abiria wa bodaboda aliyevaa gauni.

Halafu kipande hicho kilindwe! Nimeona kimoja kimetengenezwa vizuri kabisa, mwezi haujaisha kimebebeshwa printa, maboksi na chakula cha mchana cha mhudumu.

Nje nako kuna kazi. Baraza za maduka yetu zimeinuka juu ya mitaro ya mvua. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za mteremko, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inahitaji mita 1.8. Ule ubao mfupi uliosimama karibu wima ni wa kupandishia magunia.

Mteja kiziwi mwekee daftari na kalamu, na uongee ukimtazama. Asiyeona mtajie namba ya foleni na kiasi cha risiti yeye mwenyewe, kwa sauti ya karibu, wala si aliyemsindikiza.

Kama hela ya fundi haijapatikana, toka nyuma ya kaunta, vuta stuli, tuhudumiane pembeni. Ila uwe na kibao cha kuandikia, maana fomu iliyowekwa juu ya paja hutoboka kwa kalamu.