Maswali ya Wasomaji: Bei ya Nyumba Tumekubaliana, Je, Nibakize Kiasi Gani?

SWALI: Habari za kazi. Nina shilingi milioni 85 na nimepata nyumba Kigamboni, ina hati. Mwenyewe anataka 80 "mkononi", anasema makaratasi yote ni juu yangu. Dalali ananiambia milioni 5 zinazobaki zinatosha kila kitu. Ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hazitoshi, na sababu iko kwenye hilo neno "mkononi". Muuzaji akisema anataka 80 mkononi, anakutwisha kodi yake mwenyewe bila kuitaja. Mtu anapouza nyumba, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) humdai yeye kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama alizotumia kununua, kujenga na kuboresha. Asiye na vielelezo vya gharama hizo hutozwa asilimia 3 ya bei, au ya thamani ya mthamini iliyoidhinishwa ikiwa ni kubwa zaidi. Wengi waliojenga kidogokidogo kwa miaka mingi hawana risiti, kwa hiyo huangukia huku. Kwa nyumba yako asilimia 3 ni milioni 2.4.

Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini isipolipwa anayekwama ni wewe, kwa kuwa uhamisho wa hati hauendelei bila uthibitisho wa TRA. Yeye ameshapokea hela zake na simu hashiki. Ndiyo maana tunakuomba kodi hii uizungumze kabla ya kutaja bei ya mwisho, na iandikwe kwenye mkataba: nani analipa, na lini.

Sasa tupige hesabu ya upande wako. Ushuru wa stempu ni karibu asilimia 1 ya bei, kwa hiyo weka 800,000. Ulipe ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa kuwa kuchelewa kuna adhabu. Wakili mnapatana, ila kwa kupanga bajeti weka asilimia 2, yaani milioni 1.6, na kama amesajiliwa kwa VAT ongeza asilimia 18 juu ya ada yake, ambayo ni 288,000. Ripoti ya mthamini pamoja na kuidhinishwa kwake, tenga laki 5. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi (kuhakiki hati ni ya nani), kibali cha uhamisho na usajili, tenga laki 8. Mpima wa kuja kuhakiki mawe ya mipaka, laki 3. Hizi tatu za mwisho ni makadirio yetu ya kukuwezesha kupanga. Kiasi kamili utakiona kwenye ankara yenye namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu kwa malipo yanayotakiwa kuwa na namba hiyo.

Jumla inakaribia milioni 4.3. Ukibeba na kodi ya muuzaji inafika 6.7, na bado hujagusa kitasa. Njia mbili ziko mbele yako: muuzaji alipe kodi yake, au bei ishuke. Tungekuwa sisi tungemwomba 77, kodi abaki nayo mwenyewe. Hapo gharama zako zitakuwa kama milioni 4.2, na utabaki na milioni 3.8 za matengenezo.

Dalali au muuzaji anaweza kukushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Kataa. Thamani ya mthamini ikizidi bei mliyoandika, ndiyo itakayotumika, kwa hiyo nafuu yenyewe huenda isiwepo. Baya zaidi ni siku nyumba itakapoleta mgogoro. Mkataba unasema ulilipa 50, utathibitisha vipi kwamba ulitoa 80?

Malipo yagawe. Sehemu ndogo siku ya kusaini, sehemu kubwa pale hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa na ridhaa ya mwenzi wa ndoa vikiwa mikononi mwa wakili wako, na asilimia 10 ibaki hadi hati itoke kwa jina lako. Hiyo karibu milioni 8 ndiyo itakayomfanya muuzaji apokee simu. Kodi yake nayo ni vizuri ilipwe kutoka ndani ya bei, wakili akatumia namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la muuzaji, badala ya kumkabidhi hela na kungoja risiti. Ridhaa ya mwenzi isikosekane hata kama hati ina jina la mmoja tu, maana nyumba ya familia haiuzwi na mmoja wao kimyakimya, na ridhaa inayotafutwa baada ya hela kutoka hugeuka bei mpya.

Kabla ya kukabidhiwa funguo dai risiti za kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka, za miaka yote hadi mwaka huu. Malimbikizo ya pango huifuata ardhi, na wako wanunuzi waliolipa madeni ya miaka kumi ya mtu mwingine ili tu faili lao lisogee. Fanya hivyohivyo kwa maji: chukua ankara ya mwisho, soma mita mkiwa wote wawili, mwandike namba na kusaini. Umeme una jambo lake. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyokaa tupu miezi 14 bila kununua umeme ina deni la 21,000 linalosubiri, na litakatwa siku utakaponunua umeme wa kwanza. Si hela nyingi, lakini ni bora ujue zimeenda wapi.

Kuhusu hizo milioni 3.8: Kigamboni ni pwani, tazama chumvi kwanza. Pita ukigusa kuta za nje na ndani kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Lipu inayobonyea, unga mweupe, au rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini pekee vinaonyesha unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kupaka rangi juu yake ni kutupa hela. Lipu hubanduliwa, ukuta ukaushwe, chanzo cha maji kizibwe, ndipo ipigwe upya. Angalia pia nondo kwenye lenta na kingo za zege juu ya madirisha. Ufa mwembamba wenye kutu ya rangi ya kahawia maana yake nondo imeanza kuvimba ndani, na hapo mwite fundi mwenye kujua zege kabla hujasaini. Shimo la maji taka lifunguliwe mbele yako. Kama limejaa hadi mdomoni wakati wa kiangazi, ama halijanyonywa siku nyingi au ardhi imeacha kunywa maji. La kwanza ni bei ya gari moja la maji taka, la pili ni kuchimba shimo jipya. Vitasa badilisha vyote siku ya kwanza.

SWALI: Nanunua ghorofa Nyali kwa shilingi milioni 6 za Kenya. Benki imekubali kunikopesha asilimia 80, nami nimeshaweka ile 1.2 yangu. Naweza kuendelea? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Bado. Mkopo unahesabiwa juu ya bei ya nyumba, na gharama za ununuzi mara nyingi huwa nje yake. Ndani ya mji ushuru wa stempu Kenya ni asilimia 4, kwa hiyo 240,000 (mashambani ni asilimia 2). Unakadiriwa kwa thamani ya mthamini wa serikali. Akisema nyumba ni milioni 6.5, utalipa 260,000 hata kama wewe umenunua kwa 6.

Kwa sababu unakopa, kuna mawakili wawili wa kulipa: wako na wa benki, anayeandika rehani. Wako mwekee 120,000 na VAT ya asilimia 16, yaani 19,200 zaidi. Wa benki, weka 80,000. Ada ya benki ya kuandaa mkopo ikiwa asilimia 1 ni 48,000. Mthamini wa benki, 25,000. Ushuru wa kusajili rehani ni mdogo, asilimia 0.1 ya mkopo, ambayo kwako ni 4,800. Ukijumlisha yote unapata karibu 537,000. Ada za mawakili, benki na mthamini ni makadirio, kwa hiyo iombe benki ikuandikie zake zote kwenye karatasi moja kabla hujasaini barua ya mkopo. Bima ya nyumba na ya maisha waiandike humo pia, na waseme kama inalipwa kwa mwaka au imechanganywa na marejesho.

Ukisaini mkataba na kutoa ile asilimia 10 ya mwanzo bila kuwa na hizi laki tano na ushee, unajiweka pabaya. Kwa kawaida muda wa kukamilisha ni siku 90, na ukikosa hela za stempu usajili unasimama, benki haitoi fedha, na muuzaji anaanza kutaja riba ya ucheleweshaji. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15, ni ya muuzaji. Cheti cha kutodaiwa ada za ardhi za kaunti nacho alete yeye.

Uliza mambo mawili zaidi. Kwanza, je, ghorofa yako ina hati yake ya pekee chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, au bado inategemea hati mama ya jengo zima? Kama bado, nani atagharamia kubadilisha? Pili, ada ya huduma ya kila mwezi ni kiasi gani, na mwenye nyumba wa sasa anadaiwa? Jengo lenye lifti, jenereta na kisima huwa na ada ambayo hujaiweka kwenye hesabu ya marejesho. Ikiwa hii ni nyumba yako ya kwanza na imo kwenye mpango wa serikali wa nyumba za gharama nafuu, sheria inakusamehe ushuru wa stempu. Mwambie wakili aombe msamaha huo mapema, kabla ushuru haujakadiriwa.

SWALI: Nyumba niliyoipata Mbagala haijapimwa. Ofisi ya mtaa inataka asilimia 10 ya bei ndipo wagonge muhuri. Niiweke kwenye bajeti? – Msomaji, Temeke

JIBU: Usiiweke. Hakuna sheria inayoipa serikali ya mtaa asilimia 10 ya mauzo ya nyumba yako. Ukiambiwa ni lazima, omba uandikiwe ni kwa sheria ipi na upewe risiti ya serikali. Kwa kawaida mazungumzo hubadilika hapohapo. Mtaa una umuhimu wake, kwani viongozi wanamjua muuzaji na wanajua kama eneo lina mgogoro, hivyo waende wakiwa mashahidi. Mkataba wenyewe uandikwe na wakili, na usainiwe pia na majirani wa pande zote nne, maana bila upimaji wao ndio mipaka yako.

Weka badala yake fedha za kurasimisha, yaani kuifanya nyumba itambulike na ipate hati: upimaji, kisha ankara ya hati yenye ada ya mbele (malipo ya mara moja ya kumilikishwa ardhi), ramani, usajili na pango la mwaka wa kwanza. Kama muuzaji ana leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa, itazame tarehe. Leseni hizo hazizidi miaka mitano, na nyingi tunazoonyeshwa zimeshakwisha muda. Na kabla ya yote, nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa ukaulize kiwanja kimeangukia wapi kwenye ramani ya urasimishaji. Nyumba iliyokaa kwenye njia iliyochorwa ya barabara au kwenye hifadhi ya mto haitapata hati hata ukilipa ada zote.