Krediti za chuo kwa safari ya baiskeli: je, ni kweli?

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu anasoma afya ya jamii katika chuo kikuu kimoja mjini Austin, jimboni Texas. Amenipigia simu kunieleza kwamba majira ya joto yajayo atakwenda Alaska kwa baiskeli pamoja na wenzake, wakichangisha fedha za kupambana na saratani, na kwamba safari hiyo itamhesabia krediti tatu za shahada yake. Mimi nilisoma enzi ambazo krediti zilitoka darasani na kwenye chumba cha mtihani. Je, jambo hilo lipo, au natayarishwa kutuma fedha? – Mzazi, Morogoro.

JIBU: Safari ipo, mzazi, na haikuanza jana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin wameifanya tangu mwaka 2004 chini ya shirika la hisani la Texas 4000. Huondoka Austin na kufika Anchorage, Alaska, baada ya siku 70 hivi, mwendo wa zaidi ya maili 4,000, yaani kilomita 6,400 na ushei, na kila mmoja hutakiwa kuchangisha maelfu ya dola kwa kuwaandikia ndugu, majirani na wafanyabiashara. Sisi tuliozoea kadi za michango ya harusi hatuna la kushangaa hapo.

Kwenye krediti ndipo panapohitaji uangalifu. Shirika la hisani halina mamlaka ya kutoa krediti. Mwenye mamlaka ni chuo, nacho hakimpi mtu krediti kwa kukanyaga pedali, hata akiivuka Milima ya Rocky kwenda na kurudi. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinaipima krediti moja kwa takriban saa moja ya kufundishwa na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi, au kwa kazi nyingine yenye uzito uleule. Krediti tatu, kwa hesabu hiyo, ni saa 135 za kazi ya kitaaluma ambazo lazima zionekane mahali fulani, na kwa kawaida huonekana katika somo la kujitegemea au la mafunzo kwa vitendo lenye mhadhiri anayelisimamia. Kwa binti yako, hiyo inaweza kuwa orodha ya vitabu vya kusoma kabla ya kuondoka. Shajara anayoiandika kila jioni, vidole vikiwa bado vinanuka gundi ya kuzibia pancha, kuhusu maswali ambayo wenyeji wamemuuliza juu ya uchunguzi wa saratani. Kisha ripoti ndefu itakayosahihishwa akirudi. Akikusudia kuwahoji watu kwa ajili ya utafiti, atahitaji kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo chake, na kibali hicho hakitoki kwa siku mbili.

Kwa hiyo usimuulize kama safari ina krediti. Muulize ni mhadhiri gani ametia saini, lini, na somo limesajiliwa kwa jina gani. Kama jibu ni kwamba mambo hayo yatashughulikiwa akirudi, mwambie bila kuficha kwamba asizitegemee krediti hizo, kwa sababu vyuo kwa kawaida hutaka makubaliano yaandikwe kabla ya kazi kuanza.

Kuhusu fedha, wasiwasi wako una msingi, ingawa si ule uliouwaza. Krediti za majira ya joto hulipiwa ada kama nyingine, na fedha za wachangiaji ni za saratani, haziwezi kulipa ada ya mtu. Huenda basi ukaombwa kulipia somo lenyewe, na ni haki yako kuona ankara ya chuo kabla ya kutuma chochote.

Liko jambo jingine ambalo wenzake Wamarekani hawatalikumbuka. Njia ya kwenda Alaska hupita Kanada, na mwenye pasipoti ya Tanzania huhitaji viza ya nchi hiyo. Fomu ya binti yako ya I-20, yaani hati ya chuo inayothibitisha kwamba yeye ni mwanafunzi wa kigeni, nayo iwe na saini ya safari ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni isiyozidi miezi 12, kwa kuwa atakaguliwa mara mbili: akiingia Kanada, na tena akitoka Yukon, eneo la Kanada linalopakana na Alaska, kurudi Marekani. Aanze na ofisi hiyo wiki hii, kabla hata ya kununua kofia ya baiskeli.