Nilipanda nikijua

Swali lenu la wiki, "Kwa nini watu hupanda chombo wanachojua kinaweza kuzama?", wasomaji wengi wamelijibu kwa neno moja: ujinga. Mmoja akaongeza tamaa. Mimi ni mtu wa Dodoma, fundi wa visima, na kuogelea sijui hadi leo. Maji niliyokulia nayo ni ya korongo: yanapita kwa kishindo baada ya mvua, kesho yake umebaki mchanga. Na chombo cha namna hiyo nilikipanda, nikijua.

Mwaka 2013 nilikuwa Kisangani, Kongo, kwa kazi ya visima. (Ndiyo, mtu katolewa Ugogoni kwenda kutafuta maji kando ya Mto Kongo. Mwenye kucheka acheke.) Pampu yetu ilikuwa imeharibika, na nyingine ilikuwa Bumba, chini ya mto. Barabara niliyoonyeshwa kwenye ramani ilishamezwa na msitu, pikipiki ndiyo inayopenya, na pampu haibebeki kwa pikipiki. Ikabaki balenyeri.

Balenyeri ni mashua ndefu ya mbao, imeundwa ukingoni kwa misumari, nyufa zimezibwa kwa matambara, injini iko tezini. Shehena chini, watu juu ya shehena. Kati ya Kinshasa na Kisangani mto unapitika kwa kilomita zipatazo 1,700, na meli kubwa za zamani zilipopungua, abiria wakaangukia mikononi mwa mashua hizi. Jaketi okozi sikuliona hata moja. Orodha ya abiria ilikuwa kichwani mwa karani.

Jirani yangu juu ya magunia alikuwa mama mmoja mwenye chumvi, sabuni na mtoto wa kama miaka minne. Mtoto kafungwa dumu tupu la lita 20 mgongoni, kwa kitenge. Nilidhani ni mchezo wao. Jioni mama akawasha mbabula, ndilo jina lao la jiko la mkaa, hatua tatu kutoka kwenye madumu ya dizeli. Nikamwambia: mama, moto na mafuta! Akanitazama kama anayemtazama mgeni, akasema, "Papa, siku tatu batoto batakula nini?" Sikuwa na jibu. Wali wake niliula.

Nilimkumbuka Aprili 2025, mashua ya mbao ilipoungua karibu na Mbandaka, mto huohuo, wakafa watu zaidi ya 140. Habari zikasema moto ulianzia kwa mwanamke aliyekuwa akipika. Vidole vyote vikaelekea kwa mpishi.

Usiku wa pili, tumeshaipita Basoko, tukakwama kwenye fungu la mchanga. Mbele kulikuwa na vijana wawili wakipima kina kwa upondo na kumpigia nahodha kelele, lakini giza ni giza. Wanaume wote tukaambiwa tushuke tusukume. Nikashuka. Mto wa kwanza Afrika kwa wingi wa maji, kingo hazionekani huku wala huku, nami nimesimama katikati yake maji yakiniishia kiunoni. "Papa, usisogee kushoto," kijana mmoja akasema, akachomeka upondo wake hapo kushoto. Wote ulizama na haukugusa chini. Miguu yangu ilianza kutetemeka baada ya kurudi juu, si kabla.

Kusafiri usiku kumekatazwa kule, na hakuna asiyejua. Nahodha alinieleza bila kuficha: mchana kila gati lina mtu wake wa kudai ushuru.

Sasa turudi kwetu, kwa wanaosema ujinga. MV Nyerere, kivuko kilichozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Waliopanda wamezaliwa ziwani, maji wanayajua kuliko mimi na wewe, na kuhesabu watu wanaweza. Ila gulio haliwasubiri, na kivuko ndicho hicho. Mimi nikishuka kwenye basi bovu pale Gairo, kabla ya jua kuzama nimepata jingine. Ni rahisi mtu kuwa mwerevu akiwa barabara ya lami.

Siku ya nne tukafika Bumba. Mama akauza chumvi palepale gatini, magunia mengine hayajashushwa bado. Kisha akamfungua mtoto lile dumu, akalisuuza kwa maji ya mto, akaenda nalo kwa wauza mawese. Alirudi nalo kichwani limejaa, mtoto anamfuata nyuma, akaniuliza kama nimesikia balenyeri ya kurudi Kisangani inaondoka lini.