Asali ya Sikonge na Soko la Nje: Tuanzie Ofisi Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni kikundi cha wanawake 18 wafugaji wa nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Tumesajiliwa, na msimu uliopita tulivuna vizuri, lakini asali yote tuliwauzia walanguzi kwa ndoo. Sasa amejitokeza mtu anayetaka tumlipe shilingi 600,000 ili atuandikishe kwenye taasisi za kukuza biashara na kututafutia mnunuzi wa Ulaya. Je, taasisi hizo zipo kweli, na ni lazima tupitie kwake?
Katibu wa kikundi, Sikonge

JIBU: Ndugu Katibu, taasisi hizo zipo, na kikundi kilichosajiliwa kama chenu kinaweza kuziendea chenyewe. Nawasihi msitoe fedha hizo. Ada halali za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba na hupewa stakabadhi. Haziingii kwenye simu ya mtu binafsi.

Taasisi yenye jukumu kuu ni Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania (TanTrade), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambayo wengi tunaifahamu kwa maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Kazi yake ni kutoa taarifa za masoko, kuwakutanisha wazalishaji na wanunuzi na kuwaelekeza katika taratibu za kuuza nje. Haitanunua asali yenu wala kuwauzia. Waulizeni pia ni ofisi gani inayotoa sasa cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cheti kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, ambacho humwezesha mnunuzi kupata nafuu ya ushuru pale nchi yake inapotoa nafuu hiyo kwa bidhaa za Tanzania. Kuhusu vibali vya mazao ya nyuki, mwoneni Afisa Nyuki wa wilaya.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, safari yenu haianzii Dar es Salaam. Inaanzia kwenye ndoo zenu. Kiwango cha kimataifa cha asali kinataka maji yasizidi asilimia 20, na vikundi vingi hukwama hapo kwa sababu huvuna masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali ya namna hiyo huchachuka njiani, ikatoa povu na kuvimbisha mfuniko. Kipimo cha maji hayo, refraktomita, ni kifaa cha kushika mkononi: unadondosha tone moja juu ya kioo, unafunika, unatazama kuelekea kwenye mwanga na kusoma namba. Kikundi cha watu 18 kinaweza kuchangishana kukinunua, na naamini kitawafaa kuliko ahadi za dalali huyo. Angalieni pia moshi na vyombo, kwani asali iliyorinwa kwa moshi mwingi au kuwekwa kwenye madumu yaliyokuwa na mafuta ya kupikia hubeba harufu ambayo haiondoki tena.

Kwa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, nendeni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani. Ubora hupimwa na kuthibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Umoja wa Ulaya hupokea asali kutoka tu katika nchi ambazo mpango wao wa kuchunguza mabaki ya dawa umekubaliwa, kwa hiyo wekeni daftari linaloonyesha kila ndoo imetoka kwenye mizinga ipi, imevunwa na nani na tarehe gani.

Mnunuzi wa nje akipatikana, ataomba sampuli kabla ya kuagiza mzigo. Jazeni chupa mbili kutoka ndoo ileile, mzifunge kwa lakiri na kuziandika tarehe. Moja mtumieni, nyingine ibaki kwenu, ili siku akidai kwamba mzigo haufanani na sampuli muwe na cha kulinganisha.