Mkuu, usikubali kupigiwa fomati kwa sababu ya kitufe cha A

Hiyo laptopu usimpe huyo fundi. Kama ulishampa, kaichukue leo hii kabla hajaanza.

Umeeleza kwamba A ya laptopu ilikuwa inajiandika yenyewe, ukaizima kwa SharpKeys, ile programu ndogo ya kubadilisha kazi za vitufe, kisha ukaitoa ukaweka PowerToys, programu nyingine ya Microsoft inayoweza kazi hiyo, ili Caps Lock iwe Ctrl, na hilo nalo linasumbua. Sasa umenunua kibodi ya USB Kariakoo na A yake haiandiki. Duka limekataa kuirudisha, fundi anasema Windows imeharibika, anataka kupiga fomati, yaani afute diski na kuweka Windows upya. Mkuu, kibodi ni nzima na Windows ni nzima. A uliizima, na mpaka sasa imezimwa.

SharpKeys haikai ikifanya kazi chinichini. Inaandika agizo moja kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout, kwa jina la Scancode Map, basi. Ukiitoa programu, agizo linabaki pale pale. Na agizo lenyewe halibagui kibodi. Linasema kitufe chenye namba 1E kisitoe kitu, na 1E ndiyo A ya kila kibodi utakayoichomeka. Ungenunua kumi, zote kumi zingekosa A.

Mimi yalinikuta haya haya, ndiyo maana nimeruka salamu. Kuna jamaa mmoja wa video aliyetufundisha kuzima kitufe, akamalizia kwa kusema ukichoka futa tu programu, kila kitu kitarudi kama zamani. Watu wengi walimshukuru pale chini. Nilifuta programu, kibodi ya nje ikaja haina A, nikaipeleka laptopu kwa fundi. Hakuuliza nimeweka programu gani. Alibonyeza A mara mbili tatu, akatikisa kichwa, akasema mfumo umekufa, ni fomati tu, na mafaili atayahifadhi. Alichohifadhi ni diski D. Hesabu za duka la dada yangu zilikuwa Desktop, na Desktop iko diski C, ndiyo aliyoifuta. Madeni ya wateja, tarehe za mizigo, nani kalipa nusu na nani bado, vyote vikaenda. Dada alikaa na daftari akipigia watu simu mmoja mmoja kuuliza wanadaiwa kiasi gani, na unajua mwenyewe mdaiwa akiulizwa hivyo anajibu nini.

Linaloniuma zaidi ni kwamba baada ya fomati A ya kibodi ya nje ilifanya kazi, maana rejista ilikuwa mpya. Fundi akachukua hela yake na sifa juu. Nilipofika nyumbani nikawasha, mahali pa kuandika neno la siri pakajaa vidoti vyenyewe, maana ile A mbovu ya laptopu haikuwa imezimwa tena. Yaani ugonjwa wa kwanza ulirudi mzima, mafaili hayakurudi.

Sharti langu tangu siku hiyo: kibodi ijaribiwe nje ya Windows hiyo yenye tatizo kabla ya mtu yeyote kutaja fomati. Chomeka hiyo ya USB kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha kifaa cha USB na simu, fungua ujumbe mtupu, andika "baba". Ikitoka "baba", kibodi haina kosa. Huna OTG, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani. Fundi atakayekataa jaribio la dakika moja asiiguse mashine yako.

Kuondoa agizo ni rahisi. Kwanza zima Keyboard Manager, sehemu ya kubadilisha vitufe ndani ya PowerToys, maana programu mbili zikibadilisha vitufe kwa wakati mmoja hutajua ipi imefanya nini. Halafu rudisha SharpKeys, bonyeza Delete All, kisha Write to Registry. Watu wengi husahau hiyo ya pili, orodha inaonekana tupu lakini rejista haijaguswa. Ukipenda kuingia mwenyewe kwenye rejista, futa Scancode Map peke yake, usifute folda nzima ya Keyboard Layout. Kisha chagua Restart. Usichague Shut down, kwa sababu tangu Windows 8 kuna Fast Startup, na hiyo ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakuanzishi mfumo upya kabisa.

Neno lako la siri kama lina A na umekwama mlangoni, usihangaike. Kwenye ukurasa huo huo wa kuingilia, chini kulia, kuna alama ya huduma za ufikivu. Bonyeza, chagua kibodi ya kwenye skrini, uandike kwa mausi.

Ukishaondoa agizo, ile A ya ndani itaanza tena kujiandika, kwa hiyo usirudi kuizima kwa programu. Tafuta fundi mwingine abadilishe kibodi ya ndani, au kama utatumia ya nje tu, auchomoe utepe wake, yaani waya bapa unaoiunganisha, kwenye ubao mama. Ila kabla hajauchomoa angalia kitufe cha kuwashia kilipo. Laptopu nyingi za siku hizi wamekiweka kwenye kibodi yenyewe, na utepe ukitoka mashine haitawaka.