Maji ya kuoshea kioo cha nyuma yanaishia kwenye buti: nibadilishe pampu au nizibe paipu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST ya 2005. Nikibonyeza swichi ya kuosha kioo cha nyuma, waipa inafuta lakini kioo kinabaki kikavu. Baadaye nakuta zulia la buti limelowa na tairi la akiba limekaa kwenye maji. Dumu la maji ni moja tu, liko mbele, na kioo cha mbele kinapata maji vizuri. Fundi wa hapa mtaani alibadilisha mpira wa mlango wa nyuma, akapaka na silikoni kuzunguka mlango na taa, lakini hali ni ileile. Sasa mmoja ananiambia ninunue pampu mpya, mwingine anasema tuzibe paipu kwa skrubu kule mbele yaishe. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja, ndugu yangu. Pampu yako inafanya kazi, na ushahidi ni hayo maji unayoyakausha kwenye buti. Yametoka kwenye dumu la mbele, yamesafiri urefu wa gari zima, na hakuna kingine kilichoyasukuma isipokuwa pampu. Pampu iliyokufa haimwagi maji popote.

Mpira wa mlango nao ulibadilishwa bure. Mpira ukichoka, maji huingia wakati wa mvua au gari likioshwa. Kuujua ukweli si kazi: kausha buti, liache gari juani bila kugusa swichi, halafu angalia. Kukiwa kukavu, bonyeza swichi sekunde 5 uangalie tena. Kipimo hicho hakina gharama yoyote na kilitakiwa kufanyika kabla ya kununua chochote.

Penye tatizo ni kwenye paipu. Inatoka kwenye pampu, inapita pembeni mwa sakafu au chini ya kitambaa cha dari, inapanda mpaka juu ya mlango wa nyuma, inaingia mlangoni kupitia ule mpira mweusi wa mikunjo ulio karibu na bawaba, kisha inaishia kwenye noseli, yaani kitundu kinachorusha maji kwenye kioo. Huvuja hasa kwenye mikunjo, kwa sababu plastiki iliyokauka kwa joto inakunjwa kila mlango unapofunguliwa. Sehemu nyingine ni maungio: kwenye noseli, kwenye valvu ya njia moja (inayozuia maji yasirudi nyuma) kama gari lako linayo, na pale paipu ya mwilini inapokutana na ya mlangoni.

Toa vitu vyote kwenye buti, inua zulia. Fungua kava la ndani la mlango: ondoa kwanza skrubu za mshikio, mara nyingi zimefichwa chini ya vifuniko vidogo, halafu chokonoa klipu ukianzia ukingo wa chini. Tumia kipande cha plastiki ngumu, au bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa. Shusha kidogo pia ukingo wa kitambaa cha dari upande paipu inakopita, kisha chomoa mpira wa mikunjo kwenye tundu lake la mwilini. Sasa mtu akubonyezee swichi sekunde 5 kila mara, dumu likiwa na maji, maana pampu ikizungushwa kavu inaungua. Zungushia tishu kavu kila ungio. Linalovuja litajionyesha hapohapo.

Fanya kipimo hicho mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa na wewe uko ndani ya buti na tochi. Hapa ndipo wengi hupotea. Ufa wa kwenye mikunjo unaweza kujibana mlango ukiwa wazi na kufumbuka mlango ukifungwa, au kinyume chake. Fundi akikagua kwa mlango uliofunguliwa peke yake, haoni tone, anahukumu paipu ni nzima na kuanza kushuku mpira wa mlango.

Ukikuta ungio limechomoka lenyewe, usilirudishe ukafunga kava. Uliza kwa nini limechomoka. Mara nyingi noseli imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima, kwa vumbi au kwa nta ya kung'arishia gari, presha ikakosa pa kutokea, ikasukuma ungio dhaifu kuliko yote. Chomoa paipu kwenye noseli, ielekeze kwenye chupa, ubonyeze swichi. Maji yakitoka kwa nguvu, noseli ndiyo imeziba. Itoe, iloweke kwenye siki nyeupe saa moja, isuuze, ipulize kutoka upande wa nje kurudi ndani. Usichimbe tundu kwa sindano kwa nguvu. Unaweza kulipanua, na mwelekeo wa maji ukaharibika. Kama noseli imejengwa pamoja na valvu haitapulizika kinyume, basi isukume kwa maji kutoka nyuma. Valvu inayojitegemea ina mshale, na mshale uangalie noseli. Ikifungwa kinyume maji hayapiti, na ungio litachomoka tena.

Yapo pia magari ambayo maji hutokea katikati ya ekseli ya waipa. Kwenye hayo, ukiona maji yanachuruzika kutoka kwenye mota, acha kubonyeza swichi mpaka sili yake ishughulikiwe, la sivyo maji yanaingia kwenye gia za mota.

Paipu iliyopasuka kwenye mikunjo haiunganishwi palepale. Ukiweka kiungio kigumu ndani ya mpira unaokunjwa, paipu itakatika tena pembeni yake, na kiungio kitasugua nyaya za taa na waipa mpaka zikatike. Weka kipande kizima kipya kianzie juu ya dari mpaka ndani ya mlango, viungio vikae pande mbili zisizokunjwa. Nenda dukani na kipande cha zamani ulinganishe kipenyo cha ndani. Nyingi ni milimita 4 au karibu na hapo. Nunua mita moja, ukate kinachozidi. Funga paipu mpya kwenye ncha ya ya zamani kwa waya mwembamba na tepu, vuta ya zamani, mpya itafuata ndani ya mpira. Kata ncha kwa wembe, zilowanishe kwenye maji ya moto dakika moja zilainike, sukuma mpaka paipu ifunike meno yote ya kiungio. Usipake grisi wala oili. Acha ulegevu wa kutosha, fungua na funga mlango mara kadhaa, pima tena na tishu kabla ya kurudisha kava.

Sasa hiyo silikoni. Kinachonikera ni kwamba kila wiki naulizwa kuhusu gari lililovuja, na kabla ya kufika kwenye swali tayari kuna mtu amelipaka silikoni. Haishiki vizuri kwenye plastiki yenye unyevu au nta, na haihimili presha ya pampu. Ile yenye harufu ya siki inapokauka hutoa asidi inayokula chuma na viungio vya umeme. Supagluu ndiyo mbaya zaidi kwenye paipu: inakauka ngumu, na mlango ukifunguliwa inapasuka pamoja na plastiki iliyoshikamana nayo. Kibaya kuliko yote, mlango wa nyuma una matundu madogo ukingo wa chini, yaliyowekwa makusudi ili maji yanayopita kwenye kioo na taa yatoke. Aliyepaka silikoni kuzunguka mlango mzima huenda ameyaziba. Maji yatakaa ndani ya mlango, na kutu itakula bati kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Yatafute leo, uyazibue kwa kijiti cha mbao.

Skrubu ya kuziba paipu nayo ni uharibifu. Magari mengi madogo yana pampu moja yenye matundu mawili. Inazunguka upande huu kupeleka maji mbele, upande ule nyuma. Ukiziba upande mmoja, kila anayegusa swichi ya nyuma, hata kwa bahati mbaya, anaifanya mota isukume maji yasiyo na pa kwenda. Ikiungua, unapoteza na maji ya kioo cha mbele, kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori.

Kabla ya kufunga, toa tairi la akiba na jeki, chomoa kizibo cha mpira kilicho chini ya shimo la tairi maji yatoke, kausha, kirudishe. Sponji ya chini ya zulia hunyonya maji siku nyingi, hivyo itoe juani peke yake. Angalia soketi za taa za nyuma na waya wa ardhi. Kijani kibichi kwenye shaba kinaonyesha maji yamefika. Kwenye dumu weka maji safi, ya mvua yakipatikana, au dawa maalumu ya kuoshea kioo. Sabuni ya unga inaacha utando unaorudisha kuziba noseli.

Na kwa wenye magari wengine: zulia la abiria wa mbele likilowa kwenye joto, anza na paipu ya kutolea maji ya AC. Buti likilowa baada ya mvua, mwagia gari maji kwa bomba kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa dakika mbili, mtu akiwa ndani na tochi. Usilipie kazi ya kuziba mpaka fundi akuonyeshe kwa kidole mahali maji yanapotokea, yakiwa yanatoka. Asiyeweza kukuonyesha bado hajapajua, na hajui anachokwenda kuziba.